Kuni za Bani na Hesabu ya Watoto

Kuacha kuzaa kwa ajili ya mazingira ni uamuzi wa mtu mwenye uwezo wa kupata mtoto ambaye, akiangalia hali ya misitu, maji na hewa, anaona si haki kuleta mtu mwingine duniani. Haki hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni wa dunia, kwa kuwa kila anayezaliwa atahitaji kula, kupika, kujenga na kusafiri. Upande wa pili ni wa mtoto mwenyewe na yale atakayoyakuta. Watu huzichanganya hoja hizi, ingawa anayeshika ya kwanza anamwogopa mtoto, na anayeshika ya pili anamwogopea.

Mkoani Tabora uamuzi huu ni nadra. Kumbukumbu zinazofuatwa hapa ni za ua mmoja wa wakulima wa tumbaku wa upande wa Urambo, ambao binti yao wa nne kati ya wanane aliamua asizae, na akaitaja misitu kuwa sababu. Mwandishi ni wa ua huohuo. Uamuzi wa binti huyo hauwezi kueleweka bila kuijua nchi aliyokulia, na nchi hiyo ina historia ndefu ya kupungua na kuongezeka kwa watu.

Wazo lenyewe lilikua kwingine. Mwaka 1968 Paul Ehrlich wa Marekani alichapisha kitabu kilichotabiri kuwa wingi wa watu utaleta njaa kubwa. Mwaka 1991 Les Knight, pia wa Marekani, alianzisha vuguvugu la kuwashawishi binadamu waache kuzaa kwa hiari. Mwaka 2017 Seth Wynes na Kimberly Nicholas walitoa hesabu iliyosambaa sana: katika nchi tajiri, kupunguza mtoto mmoja huokoa wastani wa tani 58.6 za hewa ya ukaa kila mwaka. Hesabu hiyo humbebesha mzazi sehemu ya hewa ya wajukuu na vitukuu ambao hawajazaliwa, na kwa hiyo inafaa kupokewa kwa tahadhari. Mwaka 2019 mwanamuziki Blythe Pepino wa Uingereza alijitokeza na kundi la watu waliotangaza kuwa hawatazaa kwa sababu ya hali ya tabianchi. Miaka miwili baadaye, utafiti wa vijana 10,000 katika nchi kumi ulionyesha kuwa karibu wanne katika kila kumi walisita kupata watoto kwa sababu hiyohiyo.

Hesabu za namna hii hubadilika mno zikivuka bahari. Paul Murtaugh na Michael Schlax wa Oregon, ambao mbinu yao ya mwaka 2009 ndiyo iliyofuatwa na Wynes na Nicholas, walikuta kuwa mtoto wa Marekani, pamoja na uzao wake, huachia hewa ya ukaa zaidi ya mara 160 kuliko mtoto wa Bangladesh. Tanzania iko upande wa Bangladesh. Mtanzania wa kawaida huzalisha takriban robo tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, na Mmarekani huzalisha zaidi ya mara hamsini ya hiyo. Mwanamke wa Tabora anayeacha kuzaa kwa kuhofia joto la dunia anailipa dunia deni ambalo si lake.

Lakini joto la dunia halikuwa hoja ya binti wa Urambo. Hoja yake ilikuwa kuni.

Tabora ni nchi ya miombo: mitundu, miyombo, mininga na mikora. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huchomoza chini ya miti hiyo, na wanawake huupanga kwa mafungu kando ya barabara. Msituni huokotwa mbula na ntalali, matunda ambayo mtoto wa kijijini huyajua kabla ya kulijua chungwa. Nyuki hukaa kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya matawi, na nta ya Tabora imesafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Tumbaku ya mvuke iliingia kwa nguvu Urambo katika miaka ya 1950, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa. Inalimwa na kaya nyingi, na Tabora imekuwa mkoa mkuu wa zao hilo nchini.

Tumbaku ya mvuke haikaushwi kwa jua. Majani yakichumwa hufungwa kwenye fito, fito hupangwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, na bani huwashwa moto. Bani la ua huo lilikuwa la matofali ya udongo, refu kupita nyumba ya kulala, na mdomo wa tanuri ulikuwa upande wa nyuma. Ndani, mabomba ya bati yalizunguka sakafu yakipitisha joto bila kuuachia moshi uguse majani. Baba alikuwa na kipimajoto kimoja. Alikisomea kwenye kidirisha kidogo kwa kurunzi, akarudi kukaa kwenye kigogo, akahesabu saa. Siku za kwanza joto huwa la chini ili jani lipate umanjano. Kisha hupandishwa kidogo kidogo hadi kikonyo kikauke kabisa. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, usiku na mchana. Moto ukilala alfajiri kwa saa mbili tu, jani hubadilika rangi, daraja hushuka sokoni, na mkopo wa mbolea unabaki palepale.

Kwa hiyo watoto walilala kwa zamu kwenye magunia karibu na tanuri. Binti wa nne alikuwa na zamu ya kabla ya majogoo. Anachokikumbuka zaidi ni mlio wa gogo bichi la mtundu likitoa maji yake ndani ya moto, kama kitu kinachonong'ona, na mikono yake iliyokuwa na gundi nyeusi ya majani ambayo sabuni haikuitoa. Alipoanza darasa la kwanza, magogo yalikatwa nyuma ya bani. Alipofika darasa la saba, mkokoteni wa ng'ombe uliondoka asubuhi na kurudi jioni. Alipomaliza sekondari, baba alinunua kuni kutoka kwa mtu aliyezitoa mahali ambapo hakuna aliyeuliza ni wapi. Umri wake wote wa utoto unaweza kupimwa kwa urefu wa safari hiyo.

Hapa ndipo hesabu ya kawaida ya watu na misitu inapogeuka. Husemwa kuwa watoto wengi humaliza miti. Katika ua ule mambo yalianza upande mwingine. Tumbaku inahitaji mikono ya kuotesha, kupandikiza, kupalilia, kuchuma, kufunga, kukesha, kuchambua madaraja na kufunga marobota, na vibarua hulipwa fedha ambazo mkulima mwenye mkopo hana. Mama alizaa wanane, na kila aliyetimiza miaka sita alikuwa na kazi yake. Zao ndilo lililoita watoto, na zao hilohilo ndilo lililokula miti. Jani lenyewe lilivutwa na watu wa mbali ambao hesabu ya watoto wao haikuwahi kuulizwa na yeyote.

Nchi hii imewahi kuwa na upungufu wa watu, na kipindi hicho kina mafunzo mengi kuliko takwimu za leo. Kufikia katikati ya karne ya 19 Tabora, iliyoitwa Kaze na wasafiri wa Kizungu, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilometa takriban 1,200. Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857. Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwanzoni mwa mwaka 1872. Hao ndio wanaotajwa vitabuni, lakini njia ilikuwa ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu za frasila mbili begani wakaenda pwani na kurudi na nguo, shanga na bunduki. Wanawake na watoto nao walitembea na misafara. Wengine walitembea kwa minyororo.

Biashara ya pembe ilifuta tembo eneo baada ya eneo, hadi wawindaji wakalazimika kwenda mbali ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, vilihusu ushuru na udhibiti wa njia hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua na baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asishikwe na Wajerumani. Na magonjwa yalitembea kwa miguu ya watu. Funza walishuka Angola kutoka melini mwaka 1872, wakalivuka bara zima, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamefika Bahari ya Hindi. Sotoka iliua ng'ombe kuanzia mwaka 1890. Ndui nayo ilifuata njia.

Watu walipopungua, pori lilirudi, na pamoja na pori wakarudi ndorobo, wadudu wanaoeneza malale. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za magharibi na kuwaweka pamoja kwenye makazi yaliyofyekwa ili kuwaepusha na ugonjwa huo. Maeneo yaliyoachwa yakafungwa na miti, na mengi yakawa hifadhi. Helge Kjekshus, aliyeandika historia ya ikolojia ya Afrika Mashariki mwaka 1977, alieleza kwa nguvu kuwa kabla ya balaa hizo watu wa nchi hizi ndio waliomdhibiti mdudu kwa kulima, kufuga na kuchoma majani kwa wakati wake. Wapo wanahistoria wanaoona alizidisha uzuri wa zama za kale. Hata hivyo, baba mdogo wa ua ule, mrina asali, aliwahi kurudi kutoka kambi yake ya kurina na jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa kazi ya mikono ya miaka mingi. Alilikuta ndani ya msitu ambao ramani inauonyesha kuwa haujawahi kukaliwa na mtu.

Jambo hilo ni muhimu kwa mjadala huu kuliko linavyoonekana. Msitu unaoliliwa leo, kwa sehemu fulani, uliota juu ya vijiji vilivyokufa. Uchache wa watu uliletwa na utumwa, vita na maradhi, na nchi iliyobaki haikuwa bustani bali mahali ambapo ng'ombe hafugiki na mtoto anakufa kwa malale. Anayesema dunia itapona watu wakipungua anapaswa kueleza watapunguaje, na nani atawatunza waliobaki. Binti wa Urambo hakuwa na ugomvi na swali hilo. Alisema yeye hampunguzi mtu aliyekuwapo.

Kumbukumbu ya upungufu huo ndiyo iliyokaa kinywani mwa bibi yake mzaa baba. Bibi alizaliwa kwenye familia ya watoto saba, wakabaki watatu. Yeye mwenyewe alizaa tisa na kuzika wanne. Kwa watu wa umri wake, msemo kwamba kila mtoto huja na riziki yake haukuwa uvivu wa kufikiri, kwa maana ardhi ilikuwapo ya kufyeka na mtoto alikuja na mikono miwili kwa tumbo moja. Jina nalo lilikuwa riziki. Wazee waliokufa hurudishwa kwa kuitwa majina yao na wajukuu, na ukoo usiozaa huacha wafu wake bila wa kuwaita.

Lugha yenyewe imejengwa juu ya msingi huo. Kiswahili kina tasa na mgumba, maneno yanayotaja msiba, lakini hakina neno moja la mtu aliyechagua. Mwanamke wa miaka thelathini asiye na mtoto huulizwa "bado?", swali ambalo halina nafasi ya jibu zaidi ya "bado" au "Mungu hajajalia". Binti huyo, wakati huo akiwa amesomea ufugaji nyuki na kupata kazi mjini, alimjibu bibi yake kwa njia nyingine. Alikwenda asubuhi, akamwamkia "mwangaluka", akakaa kwenye mkeka.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, kwa utani ambao bibi ana haki nao kwa mjukuu, "unaniletea lini mtoto nimwone?"

"Bibi, mimi sizai."

"Umeambiwa hospitali?"

"Sijaambiwa. Nimeamua."

Bibi alikaa kimya muda mrefu, akiendelea kubangua karanga. Kisha akasema, "Sisi tulizaa ili wabaki. Nyie mnao wa kubaki."

Bibi huyo hakuwahi kusoma takwimu, lakini zinamuunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004 hadi 2005 ulikuta kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 5.2 katika utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016, na 4.8 mwaka 2022. Watoto wakibaki hai, wazazi hupunguza kuzaa, ingawa kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakojaza madarasa ya leo. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa watu 2,291,623 mwaka 2012 na 3,391,679 mwaka 2022, ongezeko la karibu nusu ndani ya miaka kumi. Si wote waliozaliwa hapo. Wafugaji na wakulima kutoka kaskazini wamekuwa wakihamia kwa miaka mingi na ng'ombe wao. Ulyankulu ilijengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, na wengi wao baadaye wakapewa uraia.

Serikali nayo imesema kwa sauti tofauti nyakati tofauti. Chama cha uzazi kilichokuja kuitwa UMATI kilianza mwaka 1959. Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule ya sekondari Tabora, aliwaeleza Watanzania mwaka 1969 kuwa nchi ina ardhi ya kutosha watu zaidi, lakini watoto wanaoongezeka kila mwaka wanahitaji kulishwa na kusomeshwa kabla hawajaweza kufanya kazi. Sera ya kwanza ya idadi ya watu ilitoka mwaka 1992. Septemba 2018, akiwa Meatu, Rais John Magufuli aliwashauri wananchi waachane na uzazi wa mpango, akisema mwenye bidii ya kulima hahitaji kuogopa kulea. Kauli zote hizo ziliongea na taifa. Mwanamke anayesubiri sindano yake ya uzazi wa mpango zahanati husikia pia, na huhesabu nani atamwona.

Mfano ulio karibu zaidi wa kuunganisha uzazi na mazingira kwa vitendo uko mwisho wa njia ya zamani, Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe. Miaka thelathini baadaye aliruka kwa ndege ndogo juu ya hifadhi hiyo na kuona kisiwa cha miti kilichozungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani. Uliingiza vitalu vya miche, majiko yanayopunguza kuni, maji, mikopo midogo, ufadhili wa wasichana shuleni na uzazi wa mpango, na huo wa mwisho ulipelekwa na watu wa kijiji walioaminiwa na majirani zao. Njia hiyo haimwambii mwanamke azae wangapi. Inamwondolea kizuizi kati ya idadi anayoitaka na idadi anayoipata, kisha inamwachia asomeshe binti.

Tofauti hiyo inapaswa kushikiliwa kwa nguvu zote. Dunia imeona serikali zikihesabu watoto kwa niaba ya wazazi: India wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, ambapo mamilioni walifungwa uzazi, wengi kwa shinikizo, na China kwa sera ya mtoto mmoja. Waliolipa zaidi walikuwa maskini na wanawake. Uamuzi wa binti wa Urambo una thamani kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Ungegeuka dhuluma siku ambayo mtu mwingine angeuandika kuwa kanuni na kumpelekea mama yake.

Na je, uliokoa miti? Kwa kipimo cha kilo za kuni, uliokoa kidogo sana. Kaka zake watatu waliendelea na tumbaku, na mabani yao yaliwaka kila msimu. Mkaa wa mjini uliendelea kuingia kwa baiskeli, magunia mawili nyuma na moja katikati. Alichokifanya kwa miti alikifanya kwa kazi. Aliwashawishi wakulima wawili wa ukoo watundike mizinga ya mbao badala ya kuvua magome, kwa maana mti uliovuliwa gome lote hufa. Kaka mkubwa, baada ya miaka ya kukataa, alipanda miche ya kuni nyuma ya bani. Watu wa nyumbani humsifu kwa mizinga na kunyamazia lile lingine. Mwenyewe huona ni jambo moja: asingekuwa na muda wala fedha za kwenda kambini kila msimu wa kurina kama angekuwa na watoto wake wa kulisha. Hilo ni jibu la kweli, na linaonyesha kuwa sababu ya mazingira mara chache hukaa peke yake.

Gharama yake ipo pia, na haifai kufichwa. Mazishi ya jirani humkumbusha nani atasimama kaburini. Ugonjwa wa wiki mbili ulimfundisha kuwa mzee wa kijijini hana pensheni zaidi ya watoto wake. Katika vikao vya ukoo, neno lake huja baada ya la mdogo wake mwenye watoto.

Usiku wa sensa ya Agosti 2012 ulipopita, karani mwenye dodoso refu alifika nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Tabora. Aliuliza umri, elimu, aina ya nishati ya kupikia, kisha idadi ya watoto aliowazaa.

"Hakuna."

"Pole, dada," karani akasema, akaandika sifuri.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka uliofuata kaka mkubwa alipata binti, na ukoo ukampa jina la bibi. Mtoto huyo alipofikia umri wa shule aliletwa mjini kukaa na shangazi yake, anayemlipia sare na madaftari na kumchukua kambini wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, mizinga inaporinwa. Karani wa sensa ya Agosti 2022 alikuja na kishikwambi badala ya karatasi. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni akila ntalali na kutema kokwa uani. Karani aliuliza uhusiano wake na mkuu wa kaya. Shangazi alifikiri kidogo, akaeleza, na karani akatafuta kwenye orodha, akabonyeza "ndugu mwingine".